Pini na Figo ya Muzee Sirili

Ninyi watoto mnaosomea radio siku hizi mna bahati yenu, na mi siwaonei wivu, labda kidogo. Mashine zenu zinaandika zenyewe jina la mgonjwa, umri wake, na upande wa kulia na wa kushoto. Juzi mmoja wenu, yule binti mwenye miwani, alikuja kunisalimia hapa Musaga. Akatazama picha zangu za zamani, akauliza: "Mama Alini, zamani mulikuwa munajuaje kama huu ni upande wa kulia ao wa kushoto?"

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Halafu kicheko kikaisha, maana swali hilohilo, wakati wa vita, lilitaka kumuua mwalimu wangu. Basi kaeni niwaeleze. Ila msitegemee nipange vizuri. Mambo yenyewe hayakupangika, na mengine mpaka leo sijayaelewa.

Nasema radio, si ile ya habari na muziki. Hapa Bujumbura tunaita radio mashine ya kupiga picha ya mifupa na viungo vya ndani, na mi niliipiga hospitalini maisha yangu yote ya kazi. Aliyenifundisha ni Muzee Sirili wa Kamenge. Mtu mnene, tumbo linatangulia, yeye anafuata. Sigara haikumtoka mdomoni isipokuwa kanisani na ndani ya chumba cha giza tulimosafishia filamu, maana hata kimoto cha sigara kinaziharibu. Alikuwa na mzaha wa kuumiza, lakini ukiumia ulikuwa hausahau.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga radio mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyelalamika kiuno. Picha ikatoka na mawe mawili kwenye figo, ya mviringo, mazuri, yamelala pamoja. Jamani nilifurahi! Nikakimbia nayo kwa Muzee. Akaitundika kwenye taa, akaitazama, akaniita kwa jina langu la ubatizo.

"We Godeliva. Hii mawe imechapwa na banki gani?"

Mama yule alikuwa amefunga sarafu zake kwenye pindo la kitenge, hapa kiunoni, kama sisi wanawake wote tunavyofanya. Mi mwenyewe nilikuwa nimefunga zangu siku hiyohiyo, na sikuwaza! Basi kanuni yake ya kwanza ikawa hii: mvue mgonjwa, halafu muulize amebakiza nini. Iandikeni.

Sasa habari ya pini.

Zamani tulikuwa na herufi mbili za madini ya risasi, D na G, za Kifaransa, D ya kulia na G ya kushoto. Miale haipiti kwenye risasi, kwa hiyo ukiweka herufi kando ya mgonjwa inatokea nyeupe kwenye picha. Tulihitaji alama hiyo kwa sababu filamu zile hazikuwa na mbele wala nyuma. Ukiishika hivi unasoma, ukiigeuza unasoma vilevile, na kulia kumekuwa kushoto. Vita vilipoanza herufi zikapotea. Tulishuku askari, tukashuku waasi, tukashukiana sisi kwa sisi. Ndiyo ilikuwa hali ya mji. Kumbe ni Pasikali, mfagiaji wetu, mpenda kuvua samaki! Alizifunga kwenye ndoano zake ili zizame vizuri. D ilikwenda na sangala, G ikanasa kwenye mawe. Alikuja kuungama huku analia, na mi nilitaka nimrushe ziwani azifuate.

Kuagiza nyingine haikuwezekana. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea embargo, hakuna kilichoingia, filamu tulikuwa tunazikata vipande, na dawa ya kung'arisha figo, ile ya iodi inayochomwa mshipani, ilibaki chupa za kuhesabu. Muzee Sirili alikuwa ameshastaafu. Nikabuni yangu: pini ya nguo, ile ya kufungia nepi. Nilikuwa naibandika kwenye kaseti, kile kisanduku bapa cha filamu kinachoingia chini ya meza, upande wa kulia wa mgonjwa. Ukiona pini kwenye picha, pale ni kulia. Jambo jepesi.

Ila tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Musafiri, Mkongomani wa Bukavu, kijana mwenye mikono mizuri na kichwa kigumu. Kwa muda mrefu kila mmoja alisoma picha zake mwenyewe, ndiyo maana hatukugundua. Siku nilipogundua nilimpandishia sauti mbele ya wagonjwa.

"Musafiri, we unawekaka pini wapi?"

"Kwa upande wa moyo, Mama Alini. Ni vile walitufundisha kwetu. Moyo haihamake."

"Mi naweka kulia! Hapa ni kulia!"

"Lakini kwetu..."

"Kwenu ni kwenu. Hapa kulia."

"Sawa, Mama. Nimesikia."

Nimesikia. Hakusema nitafanya. Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo, watoto wangu.

Wakati huohuo, bila mi kujua, Muzee Sirili alikuwa anakojoa damu. Na hapa mtege masikio, kwa sababu hii si hadithi tu, ni kazi. Alikojoa damu bila maumivu. Hata kidogo. Asubuhi moja mkojo unakuja mwekundu kama chai ya rangi, baada ya muda unakuwa safi, na mtu anashukuru Mungu anaendelea na sigara yake.

Mara ya kwanza waliambiwa ni kwinini aliyokunywa kwa malaria, maana sote tunajua kwinini inaweza kugeuza mkojo. Akaiacha, damu ikakatika. Ahaa, kumbe kwinini! Mara ya pili shemeji yake akasema Muzee amelishwa sumu kwenye pombe ya ndizi. Wakati ule sumu ilikuwa jibu la kila kitu. Akaletewa mizizi kutoka Kinama, akanywa, damu ikakatika. Ahaa, kumbe sumu! Mara ya tatu muuguzi mmoja akampa vidonge vya bilharzia, damu ikakatika tena, na muuguzi akatembea wiki nzima kifua mbele. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba bilharzia ya huku kwetu inatoa damu kwenye choo kikubwa, si kwenye mkojo. Lakini nani angebishana na damu iliyokatika? Ugonjwa ule una tabia hiyo. Unatoka ukitaka, unanyamaza ukitaka, na aliyetoa dawa siku hiyo ndiye anajisifu.

Mpaka siku damu ilipokuja na mabonge, mkojo ukaziba. Ndipo Mama Koleti, mke wake, alipomleta hospitalini.

Siku hiyo mi sikuwepo. Milimani juu ya Musaga walikuwa wanapigana, barabara imefungwa, nimejilaza sakafuni na wanangu. Musafiri ndiye aliyempokea. Akamchoma chupa ya mwisho ya dawa, akapiga picha, na picha ikatoka nzuri sana. Figo moja imekaa vizuri kama punje ya haragwe. Nyingine imevimba, vijia vyake vya mkojo vimesukumwa kando. Na pini iko palepale, karibu na figo iliyovimba.

Kesho yake Musafiri akavuka mpaka kwenda Uvira kumchukua mke wake, maana vita vilikuwa vimeanza kule pia. Mpaka ukafungwa nyuma yake.

Niliporudi kazini, Dokta Leonsi, daktari wetu mpasuaji, alikuwa ananisubiri mlangoni na ile filamu. Mtu mfupi, mwenye haraka, hakuwa na tabia ya kusubiri mtu.

"Godeliva, pini hii ni kulia, si ndiyo?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Halafu nikauliza: "Nani alipiga?"

"Musafiri."

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Fikirini wenyewe. Kama Musafiri alinitii, pini ni kulia, na figo mbaya ni ya kulia. Kama alifuata mkono wa kwao, pini ni kushoto, na figo mbaya ni ya kushoto. Dokta akikosea atatoa figo nzima na kuacha mbovu, na mwalimu wangu hatakuwa na figo tena. Mashine ya kusafisha damu kwetu wakati ule ilikuwa habari ya kusikia tu.

"Mulikuwa na desturi mbili kwenye chumba kimoja?" Dokta aliuliza pole pole nilipomweleza. Sauti ile ya pole pole ilikuwa mbaya kuliko makelele.

"Nilimukataza, Dokta. Akasema amesikia."

"Amesikia!"

Najua mnachotaka kusema, nawaona mnavyonyanyua mikono. Mama, angalia ini, ini liko kulia. Mama, angalia hewa ya tumbo. Nilitazama mpaka macho yakatoa maji! Filamu ilikuwa kipande kidogo, imekata ini pale ambapo ningelihitaji. Hewa ilikuwa kila mahali, mgonjwa amekula maharage. Uvimbe wenyewe ulitupa kivuli, na kivuli kile ukikisoma huku unaona ini, ukikigeuza unaona bandama. Nilimrudia kwa picha bila dawa, pini nimeibandika kulia kwa mkono wangu. Nikapata ukungu na maharage. Filamu nyingine ya tumbo hawakunipa.

Dokta alimbonyeza tumbo pande zote. Ningewaambia alihisi kitu, ningekuwa nadanganya. Tumbo la Muzee Sirili lilikuwa ghala. Mkono wa Dokta ulizama ukarudi bila habari. Ekografi, ile mashine ya kutazama tumbo kwa mawimbi ya sauti? Ilikuwepo moja ya mtu binafsi mjini, naye alikuwa amehama nchi, ameondoka nayo.

Na siku zinaenda, na damu inatoka. Muzee alikuwa mweupe viganjani.

Dokta alikwenda kuwaeleza. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Muzee amelala, Mama Koleti amekaa kwenye mkeka chini, na sufuria yake ya chakula, kama walinzi wote wa wagonjwa. Mi natoka Musaga, wao Kamenge. Miaka ile watu wa mitaa hii miwili hawakukanyaga kwa wenzao, na mama yule alikuwa na sababu zake za kunitazama vibaya. Lakini alinisogezea mkeka.

"Muzee," Dokta alisema, "figo ni chujio. Mungu alitupa mbili, na moja inatosha mutu kuishi. Kwako moja imeota kanseri."

"Lakini haimuumi!" Mama Koleti akadakia. "Kitu haiumi, munaikatia nini? Hapa mugongo ndiyo inamuuma, na hiyo hamusemi!"

"Mama, hii kanseri inakawia kuuma. Ikianza kuuma, mara nyingi imeshakuwa kubwa sana."

"Mumupe sindano basi. Ao ile miale ya Ulaya."

"Sindano za kanseri tuko nazo, hii haizisikilizi. Miale pia haiiwezi. Dawa yake ni kisu: kutoa figo yote na mafuta inayoizunguka, mbele ya ugonjwa haujafika kwa mapafu."

"Na kama umefika?" aliuliza Muzee. Ndilo neno lake la kwanza.

"Ndiyo sababu Godeliva atakupiga kifua."

Nikampiga kifua. Kazi ile sikuwahi kuifanya kwa woga hivyo. Kanseri ya figo ikihama hupenda mapafu, na kwenye picha inaonekana kama mipira, madoa ya mviringo. Niliingia chumba cha giza, nikatia filamu kwenye maji ya dawa, nikasubiri huku nasali kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, yoyote itakayofika. Nikaitoa kwenye mwanga. Moshi wa sigara wa miaka yote ulikuwemo, lakini mpira, apana. Nilikaa sakafuni mle nikalia kwa furaha. Halafu nikakumbuka kwamba bado hatujui upande, furaha ikakatika.

Mnajua kuchanganyikiwa kunavyokuwa? Usiku nasema ni kulia, Musafiri ni kijana wa heshima, nilimwambia mbele ya watu, lazima alibadilisha. Asubuhi nasema ni kushoto, mkono una mazoea yake, mtu habadiliki kwa kupandishiwa sauti mara moja. Nikaanza kuweka pini hewani kwa mkono wangu, kulia, kushoto, mpaka nikawa sijui hata mkono wangu ninaokula nao ugali ni upi. Mume wangu akaniuliza kama nimepatwa na pepo. Nikamwambia afadhali pepo, lina upande.

Na nilimkasirikia Musafiri! Halafu nakumbuka yuko upande wa pili wa mpaka, labda porini, labda hayupo kabisa, hasira inageuka kuwa aibu, na aibu haisemi ni kulia au kushoto.

Mwishoni Dokta Leonsi alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua filamu akaipeleka kitandani kwa Muzee mwenyewe.

"Muzee, hakuna mutu hapa mujini anasoma picha kukupita. Mi mwenyewe ulinifundishaka nikiwa sitajeri, mwanafunzi bado. Soma."

Tulimkalisha karibu na dirisha, mito miwili mgongoni. Akavaa miwani. Akainua filamu kwenye mwanga, figo zake mwenyewe, kanseri yake mwenyewe. Akaitazama hivi. Akaigeuza. Akaitazama hivi. Akairudisha. Jasho lilimtoka kwenye paji, Mama Koleti akamshikia kona moja. Nilikuwa namwangalia mdomo tu. Nilisema moyoni, sasa atatuambia, sasa mzigo huu unatoka, Muzee akisema ni kulia ni kulia, akisema kushoto ni kushoto, tumemaliza.

Akashusha filamu kwenye magoti.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilimkasirikia mgonjwa!

"Muzee, we ndiye ulinifundisha! Kama we haujui, mi nitajua namna gani?"

"Nilikufundisha kupiga picha, Godeliva. Sikukufundisha kuotea. Sijui."

Dokta alichukua filamu, akatoka nje, akazunguka bustani ya hospitali. Aliporudi alisema: "Basi sitapita ubavuni. Nitapasua mbele, katikati, nitie mukono pande zote mbili, nishike kila figo mbele ya kukata kitu."

Msifikiri hilo lilikuwa jibu rahisi. Alikuwa amezoea kuifuata figo kupitia ubavuni, na kupita ubavuni lazima ujue ubavu upi. Kufungua mbele kwa mtu mnene hivyo, mwenye damu kidogo, umeme wa jenereta, nyuzi za kuhesabu, ni safari nyingine. Alimweleza Muzee wazi: unaweza kuniishia mezani. Muzee akasema sawa. Akaomba kitu kimoja, mi niwe ndani. "Maisha yake yote ameona vivuli," alimwambia Dokta. "Aone mara moja kitu yenyewe."

Ndugu zake wakaja kwa miguu kutoka Kamenge kutoa damu. Mi nikavalishwa mavazi ya chumba cha upasuaji, nikasimamishwa kwenye kona, nikaambiwa nikizimia nizimie kwa upande wa ukuta.

Dokta alifungua. Muda mrefu sikuelewa chochote, ni damu na vitambaa. Halafu akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, upande wa kushoto, macho ameyafumba. Akakaa hivyo. Wote tukakaa hivyo.

"Hii ni laini," akasema. "Ni ndogo. Ni nzuri."

Akatoa mkono, akauingiza kulia. Nikamwona uso unavyobadilika.

"Iko hapa."

Ilikuwa ya kulia. Kwanza akafunga mishipa yake, ule unaoleta damu na ule unaoirudisha, pole pole, maana figo ina damu kama mto. Halafu akaitoa nzima na mafuta yake. Baadaye aliipasua kwenye beseni nikaona. Uvimbe saizi ya chungwa, rangi ya njano kama mawese ya Rumonge, una madoa ya damu katikati. Kando yake figo yenyewe, nyama safi ya kahawia iliyosukumwa ukutani. Nilisimama pale nikiwa sijazimia, nikawaza: Musafiri, ulinisikia. Ulibadilisha mkono. Na mi niliyekulaani sina pa kukuambia. Sikumwona tena kijana yule. Watu waliniambia yuko Kigoma, wengine wakasema hapana. Sijui mpaka leo.

Siku hizi, nasikia, mambo ni mengine. Kuna skana inayokata mtu vipande kwenye picha bila kumgusa. Uvimbe ukiwa mdogo wanatoa uvimbe peke yake, figo inabaki. Ugonjwa ukihama kuna vidonge vya kunyima uvimbe mishipa yake ya damu, na dawa za mshipani za kuamsha askari wa mwili wenyewe waupige. Binti mwenye miwani alinieleza yote hayo akanichanganya tena, lakini nilifurahi kuchanganyikiwa na habari nzuri. Ninachojua mi ni kidogo. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikikatika yenyewe, mtu aende apimwe, na asimkubali anayejisifu. Anayevuta sigara aache. Unene na presha ya damu navyo vinachangia. Na aliyebaki na figo moja aitunze: presha ipimwe, vidonge vya maumivu asinunue ovyo dukani, na arudi kupigwa kifua kila anapoitwa, maana ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miaka. Muzee alirudi kila alipoitwa. Alikuja analalamika njia nzima, na alikufa mzee, baada ya vita, kwa kiharusi.

Lakini nilikuwa sijamaliza.

Baada ya upasuaji alikaa siku kadhaa hajui lolote, homa, na sisi tunamchunga. Alipopata nguvu ya kukaa, nilimkuta Mama Koleti anamlisha uji kwa kijiko. Kidonda kilikuwa katikati ya tumbo, kwa hiyo hata akijitazama hakikumwambia kitu. Na alikuwa hajamuuliza mtu.

"Godeliva," alisema, "walitoa ya wapi?"

"Ya kulia, Muzee. Musafiri alinisikia."

Akasukuma kijiko pembeni, uji ukamwagika kwenye shuka, na Mama Koleti hakumgombeza.

"Mi niliona kushoto," akasema.

Sikuelewa. Nilifikiri ni homa.

"Siku ile kwa dirisha. Niliona kushoto, wazi kabisa. Ningeapa na Biblia."

"Sasa mbona ulisema haujui?"

"Nilikuwa nataka kumaliza. Nilikuwa nataka mutu aseme upande, munikate, nilale. Nikaona nimeiona mbio sana." Akapangusa macho kwa shuka. "Mutu mwenye kuogopa vile, ningemukataza asisome hata picha ya mbuzi."

Mama Koleti alianza kulia kimya kimya. Nami nikalia.

"Ningesema kushoto," Muzee akasema, "Dokta angepita ubavu wa kushoto. Angenisikiliza."

Kweli angemsikiliza. Sote tungemsikiliza.